Bahari Yenye Ng'ambo

Mtu akikwambia Eldoret kuna bahari tisa, usimcheke kabla hujazunguka mji. Moja iko Huruma, ukutani kwa Nanzala, yule anayepika chapati na maharagwe. Nyingine iko kwa kinyozi wa karibu na stendi, nyingine kwenye bucha, ambako samaki wa rangi ya machungwa wanaruka juu ya bei ya matumbo. Kuna iliyoko kwenye chumba cha watoto cha kliniki, na ilikuwapo ya kumi, ila ilipakwa rangi juu mwaka jana mwenye duka alipookoka upya na kutaka malaika. Zote ni kazi ya mkono mmoja, wa Nduta wa Mungai, mama wa miaka hamsini na mmoja ambaye, hadi Agosti iliyopita, hakuwa ameona bahari hata siku moja.

Wala hakuna aliyemuuliza. Mji wenyewe umejaa watu ambao hawajaiona. Kazi ya kumlisha ilikuwa mabango: saluni, karakana, makanisa, na USIKOJOE HAPA kwa herufi zilizonyooka hivi kwamba hata mlevi aliona haya. Mabango aliyachora kwa sababu ya unga. Bahari alizichora hata kwa sahani ya chakula, kwa sababu akikaa miezi miwili bila kuchora moja alianza kugombana na watu.

Na zilikuwa bahari, usifanye mchezo. Miamba mirefu iliyopasuka-pasuka, inakatika ghafla kama mkate uliomegwa kwa mkono. Chini yake maji meupe yanachemka, povu amelipiga kwa kipande cha sponji ya godoro. Na mbali kabisa, juu ya maji, mstari wa milima ya buluu. Kila bahari ya Nduta ilikuwa na milima hiyo, na milima hiyo ndiyo iliyoleta maneno.

Asili yake ni hii. Nduta alizaliwa Burnt Forest, kwenye viazi na baridi. Baba yake, Mungai, alikuwa fundi wa mawe, wa aina ile anayebomoa ukuta wake mwenyewe akiona haujakaa sawa. Likizo moja ya Agosti, Nduta akiwa na miaka saba, mzee alipata kazi ya kujenga darasa huko Nyaru, pale ambapo nchi ya juu inaisha ghafla na Bonde la Kerio linaanza. Nyumbani mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hivyo msichana akapakiwa kwenye lori la mawe pamoja na sufuria. Walifika jioni, mvua inanyesha, hawakuona kitu. Asubuhi Nduta alitoka nje kunawa uso, akapiga hatua ishirini hivi, na dunia ikamwishia miguuni.

Mwamba ulikatika mbele ya vidole vyake. Chini, badala ya bonde, palikuwa na weupe mtupu, umejaa hadi ukingoni. Weupe ule ulikuwa unatembea. Ulipanda miamba, ukarudi, ukamwagika katikati ya mawe bila sauti yoyote. Jua likachomoza, na wote ukashika moto. Mbali sana, milima ya Tugen ilikuwa imetoa migongo tu. Mtoto alishika suruali ya baba yake kwa mikono miwili, akaogopa na kufurahi kwa pamoja, mpaka meno yakagongana.

"Baba, hii ni nini?"

"Iria," Mungai akasema, huku anapiga mswaki.

Sasa, Kikuyu kina neno hilo moja kwa mambo mawili, sawasawa na Kiswahili chenye maziwa ya ng'ombe na maziwa ya kuvulia samaki. Iria ni maziwa ya chai. Iria pia ni maji makubwa, ziwa au bahari. Nduta alisikia bahari.

"Na kule?"

"Kule ni ng'ambo," baba akajibu, akaenda zake kuchanganya simiti.

Kufika saa nne weupe umeondoka, na chini kuna bonde kavu lenye mbuzi. Kesho yake ukarudi. Kwa wiki tatu mtoto aliamka kabla ya watu wote akaketi ukingoni kuingoja bahari yake. Miaka minne baadaye mwalimu alifundisha ukungu ni nini, na Nduta akakubali kwa kalamu. Moyoni hakukubali. Alipopata brashi yake ya kwanza, kitu cha kwanza alichochora kilikuwa maji yale, miamba ile, na ng'ambo ile.

Nyumba ya Burnt Forest iliteketezwa mwanzoni mwa 2008, kwenye fujo za baada ya uchaguzi. Hayo Nduta hayasimulii. Walikuja Eldoret na blanketi mbili na pima maji ya mzee, kile kijiti cha mafundi chenye kichupa cha maji ndani na kiputo cha hewa, kiputo kikisimama katikati unajua umejenga sawa. Wakapanga vyumba viwili Huruma, na humo ndimo walimoendelea kuishi, Nduta, baba yake, na Shiko, binti ya Nduta anayesuka nywele. Mama alikuwa ameshafariki. Pima maji ikawa ya Nduta, ya kunyooshea herufi.

Mwaka jana mzee alifika themanini na minne na moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alimwita Shiko pembeni akamwambia mzee apewe chochote anachotamani kula, na Shiko alipofika nyumbani na habari hiyo, kila mtu alielewa maana yake. Hapo mzee alikuwa wa kitandani tu, ametazama ukuta mtupu wa kijani uliopakwa na mpangaji aliyetangulia.

Mwezi huohuo Kipyego aliingia kwa Nanzala kula. Kipyego ni mtu mzito wa Moi's Bridge, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe akiwa ndani ya nyumba. Alikaa, akainua macho ukutani, akaacha kutafuna.

"Nani alichora hii kitu?"

Nanzala akaonyesha kwa mwiko. Nduta alikuwa kwenye meza ya pembeni, mdomo umejaa.

"Ni mimi. Iko na shida?"

"Bahari ni kali, mama. Mawe ni sawa. Mawimbi ni sawa. Sasa hii huku nyuma ni nini?"

"Si ni ng'ambo."

Kipyego alicheka mpaka kikombe kikatikisika. "Ng'ambo! Mama, mimi nimekaa navi, jeshi ya maji, miaka ishirini na sita. Bahari haina ng'ambo! Unaangalia mpaka macho inachoka, ni maji tu, halafu mbingu. Wewe umechora dam ya kunyweshea ng'ombe!"

Hoteli nzima ikaangua kicheko, na Nanzala, rafiki wa kufa na kuzikana, akacheka kuliko wote.

"Hii uliiona wapi?" Kipyego akauliza akipangusa macho.

Nduta angeweza kudanganya. Watu wangeamini.

"Sijawahi kuiona," akasema.

Kicheko kikakatika. Kipyego alimtazama, akautazama ukuta tena, mawimbi yale yanayopanda mwamba na kumwagika katikati ya mawe. Polepole akavua kofia, akaiweka kwenye goti.

"Umechora hii yote bila kuona?"

"Ndiyo."

"Aki ya Mungu," Kipyego akasema, na hakumaliza chapati yake.

Nduta alienda nyumbani na hasira ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akasimama mbele ya kitanda cha baba yake.

"Baba, pale Nyaru. Kwa nini uliniambia ni bahari?"

Mzee aliwaza sana. Ilibidi Nduta amkumbushe lori, mvua, ukungu, mswaki. Ndipo uso wa mzee ukafunguka.

"Mimi? Nilisema ni maziwa! Si kulikuwa kweupe pe? Nilikuwa natamani chai!"

Akacheka mpaka akakohoa, Shiko akaja mbio kumwinua. Nduta naye alijaribu kukasirika akashindwa. Miaka arobaini na minne, bahari tisa na ile ya malaika, zote zimetokana na mzee aliyetamani chai. Alikaa chini akacheka akilia.

Kikohozi kilipotulia mzee aligeukia ukuta wa kijani.

"Kwani huwa ikoje?" akauliza. "Ile yenyewe. Mimi nimejenga kuta miaka sitini na sijawahi kufika mahali nchi inaisha."

"Sijui, Baba."

"Basi nenda uone. Uje unichoree hapo." Akaonyesha ukuta kwa kidevu.

Kumbe ndicho alichotamani. Hakuwa ametaja nyama wala chochote kingine tangu daktari aseme.

"Na nikienda uniache je?"

"Nitakungoja. Si mimi ndiye nilikukoroga na iria yangu?"

Ahadi ya mtu wa moyo mbovu ni ahadi gani? Nduta hakulala vizuri siku mbili. Akibaki, mzee ataondoka akitazama kijani. Akienda, huenda akarudi na bahari na asimkute wa kuiona. Shiko, anayemwita mzee Guka, yaani babu, ndiye aliyemsukuma mama yake. "Mathe, si uende tu! Guka akisema atangoja, atangoja. Unamjua na kichwa ngumu."

Alipomwambia Nanzala, Nanzala akampigia Kipyego, na Kipyego akampigia Oyugi, Mjaluo waliyeingia naye navi siku moja, ambaye alipostaafu alibaki huko Kilifi akalima mihogo. Safari yenyewe haina la kusimulia. Nduta alilala mdomo wazi mpaka Mombasa, akavuka kwenda Kilifi, na alasiri Oyugi akampokea na maji ya madafu na haraka ya mtu anayetaka kuonyesha.

Walitembea katikati ya mihogo, kisha vichaka, kisha mawe ya matumbawe yenye makali ya kukata viatu. Kwanza Nduta alisikia kishindo, akadhani ni lori. Kisha akahisi mwamba unatetemeka chini ya nyayo. Oyugi akasimama. "Mama, hapo hapo. Usisonge tena."

Mwamba ulikatika mbele ya vidole vyake, kama pale Nyaru, na kwa dakika ile moja alikuwa na miaka saba. Lakini weupe wa Nyaru haukuwa na sauti. Mawimbi haya yalikuja yakinguruma, wimbi nyuma ya wimbi, yakajirusha kwenye mwamba, maji yakapanda juu kuliko nyumba ya ghorofa mbili na kuanguka na kurudi kwa kishindo kwenye mapango, kisha mengine. Hakuna aliyeyatuma, hakuna aliyeyaambia basi. Tone likamfika mdomoni. Chumvi. Alijua bahari ina chumvi, kila mtoto wa shule anajua, na bado alishtuka kana kwamba amedanganywa maisha yote na sasa ndiyo ameambiwa ukweli.

Ndipo akainua macho atafute ng'ambo.

Hakuna. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia. Maji yalienda, yakaenda, yakaenda, na mahali yalipoisha hayakuishia kwenye kitu. Akakaa juu ya mawe. Alikuwa ameogopa, na hakuwahi kupenda kitu kama alivyoipenda hofu ile.

"Pole, mama," Oyugi akasema. "Mimi nimezaliwa kando ya ziwa, nikafikiri najua maji. Siku yangu ya kwanza hapa nilitafuta ng'ambo mpaka shingo ikauma."

Nduta alifungua mkoba. Oyugi alidhani anatoa daftari, lakini alitoa pima maji. Akafumba jicho moja, akainyoosha mbele ya uso, akangoja kiputo kitulie. Kilitulia katikati. Na mpaka wa maji na mbingu ulikuwa umelala juu ya kijiti kile, kutoka ncha hadi ncha, bila tofauti ya unywele.

Akampigia baba yake simu palepale.

"Nimeipima, Baba. Iko sawa."

"Yote?"

"Yote. Kutoka mkono huu mpaka huu."

Mungai, aliyebomoa kuta zake mwenyewe kwa kosa la kidole kimoja, alikuwa anajaribu kuuona ukuta huo. "Hakuna fundi," hatimaye akasema. "Nani angeweza?" Kisha: "Na nani anabisha hodi hapo?"

"Ndiyo yenyewe, Baba." Akaielekeza simu kwenye mwamba, akaishika hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, machozi yanamtiririka na hakuyapangusa.

Alikuwa amepanga wiki nzima. Siku ya tatu Shiko alipiga simu. Guka hali chakula, na anauliza rangi gani itanunuliwa. Jioni hiyo Nduta alikuwa njiani kurudi, daftari limejaa mawimbi ya penseli.

Alinunua rangi ya maji badala ya mafuta, kwa sababu ya kifua cha mzee. Akafunika kijani kwa nyeupe mara mbili. Asubuhi ilipokauka, Kipyego akabisha hodi na mtungi wa lita tano za maziwa kutoka Moi's Bridge, akijifanya anapita tu. Mzee alipoambiwa huyu ndiye aliyesema bahari haina ng'ambo, alimkagua kutoka chini hadi juu.

"Ni wewe ulimcheka binti yangu?"

"Ni mimi, Mzee. Nisamehe."

"Shika uzi."

Ulikuwa uzi wa mafundi, umepakwa chaki ya buluu. Kwenye bahari zake zote za kwanza Nduta hakuwahi kuutumia kwa mstari wa mbali, kwa kuwa mstari wa mbali ulikuwa milima, na milima haihitaji uzi. Ncha moja ilipewa Kipyego mlangoni. Ncha ya pili mzee alikataa ishikwe na mwingine. Shiko akamwinua kwa mito mitatu, naye akauminya uzi ukutani kwa kidole gumba kilichovimba. Nduta akaweka pima maji.

"Upande wa Kipyego, juu kidogo," mzee akaamuru, akihema. "Nimesema kidogo! Huko navi mlikuwa mnapima na nini?"

"Samahani, Mzee."

"Hapo. Sasa."

Nduta akauvuta uzi kwa vidole viwili, akauachilia. Ta! Mstari mmoja wa buluu ukabaki kwenye weupe, kutoka dirishani hadi mlangoni. Mzee aliutazama kama mtu anayetazama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, na mkono wake ukashuka wenyewe.

Nduta alichora siku tatu. Kipyego alikuja kila siku na maziwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Mzee alilala, akaamka, akatazama, akalala. Siku ya tatu mchana Nduta alipiga povu la mwisho kwa sponji, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kitanda. Chumba kile cha futi kumi kwa kumi kilikuwa kimefunguka upande mmoja. Shiko, aliyeingia na vikombe, alisimama mlangoni akasahau kuingia.

Mzee alitazama muda mrefu. Macho yalitembea kwenye miamba, yakateremka kwenye maji, yakaenda nayo mpaka kwenye mstari, yakabaki hapo. Pumzi yake ilisikika.

"Ng'ambo iko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Haipo, Baba. Ndivyo ilivyo."

"Mtu akiondoka hapo, anaelekea wapi?"

Nduta alielewa ni nini kilichoulizwa, na akajuta kwa moyo wote kwa ukweli aliousafirisha kutoka Kilifi na kuuweka mbele ya macho ya mtu anayekufa. Akainama haraka, akachanganya buluu na kijivu kwenye kifuniko cha kopo, ile rangi ya milima ya Tugen anayoweza kuichanganya akiwa amefumba macho. Akachovya brashi.

"Nakuwekea, Baba. Sasa hivi."

Lakini mzee alikuwa amegeuza kichwa upande wa kiti cha plastiki.

"Wewe Kipyego. Wewe ndiye ulienda. Huko mbele hakuna kitu kabisa?"

Kipyego aliweka kikombe chini. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda, na sauti yake ya kuita ng'ombe ikawa sauti ambayo Nduta hakujua anayo.

"Ng'ambo iko, Mzee. Niliongea vibaya kule hotelini. Tulikuwa tunatoka, siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tano hakuna. Unafikiri mmepotea. Halafu asubuhi moja mtu anapiga kelele huko mbele, na iko hapo, na miti na watu. Ilikuwa hapo siku zote. Ni vile kutoka huku haionekani."

"Uliiona na macho yako?"

"Niliiona. Mara nyingi."

Mungai akageukia ukuta. Mikunjo ya uso wake ikalegea mmoja mmoja. Nje, watoto wa Huruma walikuwa wanapiga kelele za kawaida, na maziwa yalikuwa yanapoa vikombeni.

"Basi usiichore," akamwambia binti yake. "Nitaiona nikikaribia."

Nduta alisimama na brashi mkononi, milima ya Tugen ikimdondokea kwenye kiatu. Kisha akaitia brashi kwenye kopo la maji, akaisuuza vizuri, na akaenda kukaa kitandani kando ya baba yake, wote wawili wakitazama upande mmoja.